Saladi ya Haraka na Njiti za Mhogo: Mwongozo Kamili kwa Jiko la Kusini

Agiza chakula popote kati ya Lindi na Mtwara, pembeni ya sahani utaletewa kachumbari. Nyanya, kitunguu, tango kidogo, ndimu. Sina ugomvi na kachumbari. Kwenye pilau haina mpinzani. Ila kwa changu wa kuchoma aliyetoka soko la samaki la Feri asubuhi hiyohiyo, au kwa ugali na pweza wa nazi, mdomo unataka kitu kingine: majani mabichi yenye ubaridi, sosi ya korosho, na juu yake njiti za mhogo na vitunguu vilivyokauka kau, vinavyolia ukitafuna.

Kazi yote ni kama dakika 40 kwa mtu mmoja, mradi ufuate mpangilio. Watu hushindwa saladi hii kwa sababu ya kitu kimoja tu, maji. Yanaingia kupitia majani yasiyokaushwa, yanaingia kupitia mhogo uliotumbukizwa kwenye mafuta ukiwa bado unachuruzika, na yanaingia kupitia hewa yenyewe. Hili la hewa, watu wa bara hawalijui sana. Pwani yetu ina unyevu, na njiti ulizoziacha wazi mezani jioni pale Shangani, Mtwara, asubuhi zimekuwa mpira. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kufukuza maji.

Mahitaji, kwa watu wanne

Kwa bakuli lenyewe:
- majani ya saladi, mafungu mawili ya wastani
- tango moja
- pilipili hoho ya kijani, moja
- vitunguu vya majani, vitatu au vinne
- giligilani, fungu dogo
- parachichi moja lililoiva lakini gumu kidogo (ukikosa, endelea bila)

Kwa vya kukaanga:
- mhogo mtamu mmoja, kama gramu 300 ukishamenywa
- vitunguu maji viwili vya wastani
- unga wa ngano au wa mahindi, kijiko kimoja kikubwa
- mafuta ya alizeti, nusu lita
- chumvi

Kwa sosi:
- korosho zilizobanguliwa, nusu kikombe, na kiganja kingine cha kutupia juu
- ndimu mbili
- kitunguu saumu, punje moja
- pilipili kali, kipande kwa uwezo wako
- maji ya kunywa

Sokoni

Majani ya saladi nunua asubuhi. Yakishapigwa na jua la saa nne mezani kwa muuzaji, yamelegea, na ingawa yanaweza kufufuliwa (nitaeleza), hayarudi yote. Tazama kikonyo kilipokatwa: kikiwa cheupe au chenye utomvu, yamekatwa karibuni, kikiwa cha kahawia, yamelala. Fungu lenye majani ya ndani yanayoteleza kwa ute liache hata ukipunguziwa bei.

Mhogo ndio wa kuchunguza zaidi. Kwetu kusini kuna mihogo mitamu na mihogo michungu, na tofauti si ya ladha peke yake. Mhogo mchungu una kemikali nyingi zinazotoa sianidi, ndiyo maana wazee huuloweka, huukausha na kuufanya makopa kabla ya kusaga unga. Kukaanga hakuuponyi. Hapa tunataka mtamu, na namna ya kuuliza ni rahisi:

"Shikamoo mama. Huu mhogo wa kuchemsha au wa unga?"

"Marahaba mwanangu. Wa kuchemsha huo, hata mbichi unatafuna. Ngoja nikuvunjie uone."

Atauvunja mbele yako, na hapo ndipo pa kutumbua macho. Ndani uwe mweupe pee na uvunjike kwa mlio. Ukiona michirizi ya rangi ya bluu au nyeusi kwenye nyama, umekaa siku kadhaa tangu ung'olewe. Mhogo huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Ukiona mabaka ya kahawia, magumu kama kizibo, huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia, ambao umesumbua mashamba ya ukanda huu wa pwani kwa miaka mingi. Sehemu hizo hazikaangiki, zinabaki ngumu na chungu. Na hata mhogo ulioambiwa ni mtamu, ukionja kipande kidogo nyumbani ukakuta uchungu, tema, na mzigo huo usiutumie.

Maadamu tumeutaja mhogo: kisamvu kisiingie kwenye saladi. Kila mara huwa kuna mtu anayependekeza majani yake machanga kwa kuwa ni laini. Kisamvu kibichi kina sumu ileile kwa wingi zaidi. Kinatwangwa, kinachemshwa sana, ndipo kinaliwa.

Korosho nunua zilizobanguliwa tayari. Usijaribu kuzichoma na maganda yake jikoni. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Wanaobangua wanajua wanachokifanya, waachie. Kwa ajili ya sosi, chukua zilizovunjika, kwa sababu zinauzwa bei ndogo na kwenye kinu zote zinakuwa sawa. Kiganja cha kutupia juu ndicho kiwe cha nzimanzima, kama unajali macho ya wageni.

Anza na mhogo

Menya mhogo uondoe maganda yote mawili, la nje la kahawia na lile la ndani jeupe au la waridi. Hilo la ndani usiliachie hata kidogo, maana ndilo lenye sumu nyingi kuliko nyama. Ukate vipande vya urefu wa kidole, uvipasue katikati, na uondoe uzi mgumu wa kati. Halafu kata vipande vyembamba, kisha uvikate tena kwa urefu upate njiti. Unene wa njiti ya kiberiti unatosha. La msingi hapa ni usawa kuliko wembamba: njiti nene na nyembamba zikiwa kwenye karai moja, nyembamba zitaungua wakati nene bado zina maji ndani. Mwenye kikwaruzio chenye matundu makubwa anaweza kukwaruza badala ya kukata. Zitakuwa fupi na za ovyo kidogo, lakini zinakauka vizuri.

Zitumbukize kwenye bakuli la maji, zivuruge kwa mkono. Maji yatageuka meupe kama tui. Hiyo ni wanga. Mwaga, weka mengine, rudia mpaka maji yawe karibu maangavu, kisha ziache ziloweke dakika 15 hivi. Wanga wa nje usipotoka, njiti hushikana kwenye mafuta zikawa bonge moja, na rangi inawahi kuwa kahawia kabla ya ndani kukauka.

Zikiwa zinaloweka, nenda kwenye majani.

Majani: kuosha, kufufua, kukausha

Chambua jani moja moja. Mchanga hujificha chini, penye mashina. Osha kwa maji mengi mara tatu, na kila mara nyanyua majani uyatoe kwenye maji. Usimwage maji huku majani yamo, mchanga utarudi juu yake. Osho la mwisho liwe kwa maji ya kunywa, yale yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi au siki kwenye maji inasaidia kuwang'oa wadudu, lakini haiyafanyi maji machafu kuwa salama. Na kukiwa na tangazo la kipindupindu mtaani kwenu, saladi hii iahirishe, pika mchicha.

Majani yaliyolegea yatumbukize kwenye maji ya baridi sana, ya jokofu kama lipo, kwa dakika kumi. Yatanyonya maji na kusimama tena.

Sasa kukausha. Tandaza khanga safi, weka majani katikati, kusanya ncha nne, toka nje barazani, na uizungushe kwa nguvu mara kumi, kumi na tano. Maji yatarukia ukuta na miguu yako. Fungua, geuza majani, zungusha tena. Khanga kuukuu ndiyo nzuri, kwa sababu mpya ina dawa ya kiwandani na hainyonyi. Ukimaliza, gusa jani kwa kidole: kikitoka kimelowa, bado. Majani yakiwa na maji, sosi inateleza na kuzama chini ya bakuli, na hapo juu utakula majani matupu.

Yakikauka, yafunge kwenye hiyohiyo khanga, sehemu iliyo kavu, uyaweke kwenye jokofu au mahali penye ubaridi. Usiyakate kwa kisu sasa hivi. Utayachana kwa mkono dakika ya mwisho.

Tango lipasue kwa urefu, komba mbegu kwa kijiko, ukate miezi myembamba. Mbegu ndizo zenye maji. Hoho, vitunguu vya majani na giligilani ni kukata tu. Parachichi liache na ganda lake.

Kukaanga

Chuja njiti, zimwage kwenye kitambaa kikavu, zifunike na zipapase mpaka zisiache unyevu. Ukiwa na nafasi ziache zipigwe na upepo wa dirishani dakika tano. Maji yakiingia kwenye mafuta ya moto yanaruka, na wenye makovu ya mafuta mikononi wanalijua hili.

Tumia karai dogo lenye kina, mafuta yasifike nusu yake. Kwenye jiko la mkaa, subiri mkaa ushike wote na uwe na majivu juu, maana mkaa unaowaka kwa miali haupimiki. Joto tunalolitaka ni kati ya nyuzi 160 na 175 za Selsiasi. Kwa kuwa wengi wetu hatuna kipimajoto cha jikoni, tupia njiti moja. Ikizama na kukaa kimya, mafuta bado. Ikipanda mara moja na povu dogodogo pembeni, bila kubadilika rangi, anza. Ikiwa kahawia kabla hujahesabu kumi, ondoa makaa mawili matatu, subiri.

Weka njiti kiganja kimoja kwa wakati. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: ukimwaga zote, mafuta yanapoa ghafla, na njiti zinachemka badala ya kukaangika. Zikoroge kwa uma mwanzoni zisishikane. Kisha sikiliza. Mwanzo kuna kelele kubwa na povu jingi. Hiyo ni mvuke, maji yanatoka. Baada ya dakika tatu hivi, nne zikiwa nene, kelele inashuka na povu linapungua. Hiyo ndiyo ishara, kabla hata ya rangi. Zitoe zikiwa za dhahabu iliyopauka, kwa sababu zitaendelea kuiva sekunde chache nje ya mafuta. Anayesubiri rangi ya kahawia atakula uchungu.

Zichujie juu ya wavu au chujio, zitawanye. Nyunyizia chumvi papo hapo zikiwa moto, inashika. Usizifunike na usizirundike kwenye bakuli. Mvuke wake wenyewe utazilegeza.

Mhogo ukiisha, punguza moto. Vitunguu uvikate pete nyembamba, uzitenganishe, uzichanganye na kijiko cha unga ukung'ute unaozidi. Kitunguu kina sukari na maji mengi, hivyo kinataka moto wa wastani na subira: dakika sita hadi nane, ukikoroga. Kikianza kuwa cha dhahabu kitoe bila kubishana na nafsi yako. Kikiwa kwenye mafuta kitaonekana laini, lakini kikipoa kinakauka.

Mafuta yaliyobaki yamebeba harufu ya kitunguu. Yachuje yapoe, usiyamwage. Kijiko kimoja kinaingia kwenye sosi, na mengine yatakaangia mayai kesho.

Kama una karoti, nayo kata njiti, ila ikaange peke yake na kwa moto mdogo. Inaungua upesi na inasinyaa sana. Karoti nzima inabaki kiganja. Binafsi naiona ni kazi nyingi kwa faida ndogo, isipokuwa kwa rangi. Viazi vitamu vinafaa kuliko karoti, kwa masharti yaleyale ya mhogo, na macho yasiondoke kwenye karai maana sukari yake inawahi kushika rangi.

Sosi ya korosho

Korosho za sosi ziwe zimelowekwa kwenye maji ya moto angalau dakika 15. Zitie wakati ule unapoloweka mhogo. Zimwage maji, uzisage kwenye blenda au uzitwange kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu, pilipili na chumvi nusu kijiko kidogo. Ongeza maji ya ndimu moja na nusu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kitunguu yaliyokwisha kupoa, na maji ya kunywa kidogokidogo, vijiko vinne au vitano, mpaka ukiinyanyua kwa kijiko iteremke yenyewe bila kusukumwa. Onja kwa jani, si kwa kidole. Sosi inayoonekana kali ukiilamba inakuwa sawasawa ikishakutana na majani na tango. Inayoonekana sawa ukiilamba itapooza.

Ya kinu inabaki na chembechembe, na mimi ndiyo ninayoipendelea.

Asiye na korosho, au mwenye nyumba isiyoziweza korosho kwa mzio, atumie ufuta wa Lindi, ingawa naye mwenye mzio wa ufuta yupo, uliza kwanza. Kaanga vijiko viwili kwenye kikaango kikavu mpaka uanze kurukaruka na kunukia, usage, uchanganye na vijiko vitatu vya mafuta, kijiko kimoja na nusu cha ndimu, na chumvi. Ni nyepesi zaidi, na inafaa sana kwa dagaa.

Kiganja kile cha korosho nzima kikaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukigeuza muda wote. Zina mafuta ya kutosha zenyewe. Upande mmoja ukishika rangi, epua. Kikaango cha moto kitamalizia kazi.

Kuunganisha

Wakati huu watu wawe wamekaa na samaki amefika mezani. Saladi hii haimsubiri mtu.

Chukua bakuli pana kuliko unavyodhani unahitaji. Chana majani vipande vya kuingia mdomoni, tia tango, hoho, vitunguu vya majani, giligilani. Mimina theluthi mbili za sosi pembeni mwa bakuli, si katikati, na uchanganye kwa mikono misafi kutoka chini kwenda juu, taratibu, mpaka kila jani ling'ae kidogo. Onja. Kama kunataka, ongeza sosi. Nyingine ibaki kwenye kibakuli kwa wanaopenda. Kata parachichi sasa, lipange juu bila kulivuruga, likamulie ile nusu ya ndimu iliyobaki lisigeuke jeusi.

Mwisho tupia korosho, halafu vitunguu, halafu njiti za mhogo kwa wingi, ziwe mlima. Usichanganye tena. Anayejipakulia achote kutoka juu mpaka chini apate kila kitu. Ukiwa na wageni wengi wanaokula kwa zamu, kama kwenye futari, weka njiti kwenye sahani yake na kila mtu ajinyunyizie.

Vikienda kombo

Njiti zimelegea kabla ya kuliwa: zilitolewa wakati povu bado jingi, au zilifunikwa zikiwa moto. Zirudishe kwenye mafuta ya moto kwa nusu dakika, zitasimama. Zilizolegezwa na hewa tu hazihitaji mafuta; kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili.

Njiti ni ngumu mpaka zinaumiza meno: moto ulikuwa mdogo au ulikata nene. Hizo hazina dawa, wape watoto wenye meno yao.

Sosi imekuwa nzito baada ya kukaa: korosho hunyonya maji. Ongeza kijiko cha maji na tone la ndimu.

Kuna maji chini ya bakuli: tango lilitiwa na mbegu zake, au chumvi iliwekwa kwenye mboga mapema.

Kwa kufuata msimu

Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Katikati ya mvua majani ya saladi huja na tope, yana madoa na yanaoza upesi. Wakati huo badilisha: kabichi changa iliyokatwa nyembamba sana inashika nafasi vizuri, na inavumilia sosi nusu saa bila kunyauka. Kiangazi, bustani za mabondeni zinazomwagiliwa ndizo zinazotoa majani mazuri kabisa. Kuelekea mwisho wa kiangazi maembe yanapokuwa bado machanga, kwaruza moja bichi uliingize badala ya ndimu moja. Huo ndio wakati korosho mpya zinapoanza kuvunwa, kwa hiyo mwezi wa kumi na wa kumi na moja bakuli hili linakuwa tamu kuliko miezi mingine yote.

Vinavyobaki

Majani yaliyokwisha kupakwa sosi hayafai kesho, yaishe leo. Sosi inakaa kwenye jokofu siku mbili. Njiti na vitunguu viache vipoe kabisa, uvitie kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana, na vitadumu siku tatu hata hapa pwani. Ukilifungua, lifunge papo hapo. Na lisiwe kopo linaloonyesha ndani, la sivyo wenye nyumba watalimaliza kwa chai kabla samaki mwingine hajafika.